Biashara ya bidhaa kati ya nchi mbili imekua: kilichokua ni nini hasa?

Viongozi wa nchi mbili wakikutana, taarifa ya pamoja haikosi sentensi hii: biashara kati ya nchi zetu imekua kwa asilimia kadhaa. Anayesikia hudhani meli zimeongezeka, viwanda vimepanuka na wakulima wamepata soko. Huenda ni kweli, na huenda hakuna hata tani moja iliyoongezeka. Ndiyo maana dhana hii inafaa kuelezwa taratibu, hasa nchi zenyewe zikiwa mbali sana, maana umbali huongeza mambo ambayo asilimia peke yake haiwezi kuyaonyesha.

Tuanze na maana. Biashara ya bidhaa kati ya nchi mbili ni thamani ya vitu vinavyoshikika ambavyo nchi ya kwanza imeiuzia ya pili, ukijumlisha na vile ilivyonunua kutoka huko, katika kipindi fulani, kwa kawaida mwaka. Madini, matunda, magari, simu na nguo vimo. Utalii, ada za benki na mikataba ya programu za kompyuta havimo, kwa sababu hizo ni huduma na huhesabiwa kando. Ukuaji ni ongezeko la thamani hiyo likilinganishwa na kipindi kilichotangulia, likitajwa kwa asilimia.

Neno la kushika hapo ni thamani. Thamani ni kiasi mara bei, na kimoja kinaweza kupanda kingine kikiwa palepale au kikishuka.

Tuchukue Chile na China, nchi zilizotenganishwa na Bahari ya Pasifiki yote. Kutoka Santiago hadi Beijing ni karibu kilomita 19,000, na si rahisi kupata umbali mkubwa zaidi ya huo kwenye sayari hii. Chile huchimba takriban robo ya shaba yote ya dunia, na China hutumia zaidi ya nusu ya shaba iliyosafishwa duniani. Mwezi Machi 2020, janga la korona liliposimamisha viwanda, tani ya shaba iliuzwa chini ya dola 5,000 kwenye soko la madini la London. Mei 2021 ilikuwa imevuka dola 10,000. Mwaka huohuo wa 2021 migodi ya Chile ilitoa shaba pungufu kidogo kuliko ya mwaka 2020. Bei ikiruka namna hiyo, mapato ya shaba hupanda sana hata kama mgodini hakuna kilichoongezeka, na takwimu za biashara hupanda nayo. Ni ukuaji wa kweli kwa hazina ya serikali, lakini haumaanishi kazi zaidi mgodini wala makontena zaidi bandarini.

Kwa hiyo watakwimu wana kipimo cha pili: ukuaji wa kiasi, yaani thamani iliyoondolewa mabadiliko ya bei. Hicho ndicho kinachojibu swali la kama nchi hizo zinabadilishana vitu vingi zaidi. Kwa bahati mbaya ni nadra kukisikia kwenye hotuba, kwa kuwa kipimo cha thamani hupatikana mapema na mara nyingi kinapendeza zaidi. Sarafu nayo huleta utata. Peso ya Chile ikishuka dhidi ya dola, biashara ileile ikihesabiwa kwa peso itaonekana imekua zaidi kuliko ikihesabiwa kwa dola. Asilimia isiyotaja sarafu haijakamilika.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitarajii: nchi mbili zinaweza kutoa takwimu tofauti kuhusu biashara ileile, na hakuna aliyedanganya. Kwa kawaida muuzaji huandika thamani ya mzigo ukiwa umepakiwa melini bandarini kwake. Mnunuzi huandika thamani ya mzigo ukifika kwake, ikijumlisha nauli ya meli na bima. Safari ikiwa ya siku chache, tofauti ni ndogo. Ikiwa ni ya kuvuka Pasifiki, huwa kubwa zaidi, hasa kwa bidhaa nzito zenye bei ndogo kwa tani. Halafu kuna kalenda. Kontena lililoondoka bandari ya San Antonio mwishoni mwa Desemba huhesabiwa na Chile katika mwaka unaoisha, na huhesabiwa na China katika mwaka unaoanza. Mzigo ukishushwa kwanza Hong Kong, hilo nalo ni eneo la forodha lenye takwimu zake, hivyo muuzaji anaweza kuuandika kama umeenda Hong Kong, na mnunuzi wa mwisho kama umetoka Chile.

Kinachowezesha kulinganisha ni mfumo wa misimbo ya bidhaa wa Shirika la Forodha Duniani, ulioanza kutumika mwaka 1988. Kila bidhaa ina tarakimu sita zinazofanana karibu duniani kote. Cheri mbichi huanza na 0809, makinikia ya shaba, yaani mchanga wa madini ambao bado haujasafishwa, ni 2603, na shaba iliyosafishwa ni 7403. Ukitaka kujua biashara imekua wapi, shuka hadi kwenye misimbo hiyo. Jumla peke yake haisemi kama nchi inauza makinikia mengi zaidi au imeanza kuuza shaba iliyosafishwa nyumbani, na kwa nchi yenye madini tofauti hiyo ni kubwa mno.

Sasa umbali. Mwaka 1962 mwanauchumi wa Uholanzi Jan Tinbergen alionyesha kwa hesabu kwamba biashara kati ya nchi mbili huongezeka kadiri uchumi wao ulivyo mkubwa, na hupungua kadiri zilivyo mbali. Kanuni hiyo imepimwa mara nyingi tangu wakati huo na bado inasimama. Nchi zilizo mbali hufanya biashara nyingi pale tu kunapokuwa na sababu yenye nguvu ya kuushinda umbali.

Kwa Chile na China sababu hizo zinaonekana wazi. Moja yatoa madini ambayo viwanda vya nyingine vinayahitaji kwa wingi. Usafiri wa majini ni nafuu kwa tani kuliko usafiri mwingine wowote, kwa hiyo umbali wa baharini hauumizi kama wa nchi kavu. Ushuru nao ulipunguzwa: mkataba wa biashara huria kati yao ulitiwa saini Novemba 2005 na kuanza kutumika Oktoba 2006, wa kwanza kati ya China na nchi ya Amerika ya Kusini. Ushuru ulishuka kwa awamu, ndiyo maana matunda ya mkataba huonekana baada ya miaka, na kulinganisha mwaka mmoja kabla na mmoja baada hakutoshi kuupima.

Sababu ya nne ni majira, na hapa cheri zinaeleza kuliko shaba. Chile iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo cheri zake huiva kuanzia Novemba, wakati China iko kwenye baridi. Mwaka Mpya wa Kichina huangukia mwishoni mwa Januari au ndani ya Februari, na boksi la cheri nyekundu limekuwa zawadi ya sikukuu. Tunda huchumwa, hupozwa mapema kwa maji baridi, hupangwa kwa ukubwa na kupakiwa kwenye kontena la ubaridi lenye joto la karibu nyuzi sifuri. Meli za haraka za msimu huo huvuka kwa takriban wiki tatu. Kwa njia hiyo bidhaa laini ambayo zamani isingevumilia safari imekuwa miongoni mwa matunda yanayoiingizia Chile fedha nyingi zaidi, na takriban asilimia 90 ya cheri hizo huenda China.

Bidhaa ya aina hii ikianza kutoka kwenye kiasi kidogo, asilimia za miaka ya mwanzo huwa kubwa mno. Mauzo ya dola milioni 10 yakifika milioni 20 yamekua kwa asilimia 100. Mauzo ya dola bilioni 20 yakifika bilioni 21 yamekua kwa asilimia 5, ingawa kilichoongezeka ni mara mia moja ya kile cha kwanza. Asilimia isomwe pamoja na kiwango ilichoanzia.

Pia isichanganywe na urari, yaani tofauti kati ya kile nchi inachouza nje na inachonunua. Jumla ya biashara inaweza kukua kwa sababu upande mmoja tu umeuza zaidi. Chile huiuzia China zaidi kuliko inavyonunua, kwa sababu ya shaba, na yenyewe huagiza simu, mashine, nguo na magari. Nchi nyingine iliyo mbali na China inaweza kutangaza ukuaji uleule huku karibu wote ukiwa ni wa bidhaa inazoagiza. Asilimia ileile, maisha mawili tofauti kabisa kwa wazalishaji.

Na ukuaji unaotegemea soko moja la mbali una hatari isiyoonekana kwenye asilimia hiyo. Januari 2025 injini ya meli Maersk Saltoro iliharibika katikati ya Pasifiki ikiwa na zaidi ya makontena 1,300 ya cheri za Chile. Mwaka Mpya wa Kichina ulikuwa Januari 29. Meli ilifika China katikati ya Februari, sikukuu ikiwa imepita. Lakini cheri hizo zilikuwa zimepakiwa Chile mwezi Desemba, kwa hiyo forodha ya huko ilikwisha kuzihesabu kama mauzo ya nje ya mwaka 2024.