Bafu za umma za Finsbury, London, baada ya Vita vya Pili vya Dunia: maswali na majibu

Kwa nini watu walilipa ili wakaoge nje ya nyumba zao?

Kwa sababu nyumbani hapakuwa na bafu. Sensa ya 1951 ilikuta kaya kama 37 kati ya 100 za England na Wales hazina beseni la kuogea. Halmashauri ya Finsbury ilikuwa na Ironmonger Row Baths, iliyofunguliwa 1931 ikiwa na bafu za mtu mmoja mmoja na ukumbi wa kufulia; hamamu ya mvuke iliongezwa 1938.

Mtu alioga vipi?

Alikata tiketi, akasubiri zamu, akaingia chumbani. Maji yalifunguliwa na mhudumu kwa ufunguo akiwa nje, ili ya moto yasimalizwe na beseni lisifurike. Yakipoa, ulipiga kelele kutaja namba ya chumba chako, uongezewe. Kila mtu akitoka, beseni lilipaswa kusuguliwa na kusuuzwa, maana utando wa sabuni hushika uchafu wa ngozi ya aliyetangulia.

Mwenye upele alitibiwa hapohapo?

Hapana, na hilo lilikuwa jambo la busara. Kuoga huondoa jasho na uchafu. Kidudu cha upele kimechimba ndani ya ngozi, sabuni haikifikii. Kituo cha Afya cha Finsbury, kilichofunguliwa 1938, kilikuwa na sehemu yake ya kusafisha watu wenye wadudu na kutakasa vitu vyao.

Dawa ilikuwa ipi?

Zamani marhamu ya salfa, ambayo ikizidi huunguza ngozi. Wakati wa vita ikashika nafasi benzili benzoeti ya asilimia 25, ile BBE inayojulikana hadi leo. Hupakwa juu ya ngozi kavu, kuanzia shingoni hadi nyayo: katikati ya vidole, chini ya kucha, kitovuni, sehemu za siri. Huachwa saa 24, kisha mtu huoga. Mara nyingi hurudiwa. Mtoto na mjamzito wapate kwanza maelekezo ya mhudumu wa afya.

Inaposhindwa, kosa huwa la kawaida sana: mgonjwa amenawa mikono na hakupaka tena, au ametibiwa peke yake huku wenzake wa nyumbani wakiachwa. Wote wapakwe siku moja, hata asiyejikuna.

Na matandiko?

Halmashauri ziliyapitisha kwenye mvuke kwa wingi. Kenneth Mellanby, aliyewachunguza watu wa kujitolea Sheffield wakati wa vita, alionyesha kwamba upele wa kawaida huenea hasa kwa ngozi kugusana, mara chache kwa blanketi. Kufua kwa maji ya nyuzi 60 kunatosha. Kisichofulika kifungwe mfukoni kwa siku chache. Chawa wa mwilini ni habari nyingine: hao huishi kwenye nguo, kwa hiyo nguo ndizo za kushughulikiwa kwanza.

Bado nawashwa baada ya dawa. Nipake tena?

Usikimbilie. Mwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 hata vidudu vikiwa vimekufa, na BBE ikipakwa kila siku huleta mwasho wake. Ukiona vijistari vipya kati ya vidole au kwenye kifundo cha mkono, nenda ukaangaliwe.