Nozeli ya Pampu Haizibuliwi kwa Mdomo: Maswali na Majibu kwa Wakulima wa Korosho

Kila mwaka mikorosho inapochanua, kuanzia Juni, zahanati za vijijini huku Newala na Tandahimba hupokea wapuliziaji wa dawa walioumizwa na pampu zao wenyewe.

Kutunza pampu kwa usalama ni kufanya nini?
Ni kuisafisha na kuirekebisha injini ikiwa imezimwa na kupoa, tangi likiwa tupu, nawe umevaa glavu za mpira. Petroli haimiminwi kwenye injini ya moto, hasa palipo na salfa, unga unaopuliziwa mikorosho dhidi ya ukungu, kwani hushika moto.

Nozeli, yaani ncha ya pampu inayotoa dawa, ikiziba, kwa nini nisiipulize kwa mdomo?
Kwa sababu kilichoiziba ni sumu ileile unayoulia wadudu, na utando wa mdomo huipitisha mwilini haraka. Tuliwahi kuletewa kijana aliyelowa jasho, mate yakimchuruzika hadi kifuani, mboni za macho zimesinyaa kama ncha ya sindano. Alikuwa amenyonya na kupuliza nozeli tangu asubuhi, akaendelea na kazi hadi adhuhuri akitarajia kizunguzungu kipite. Tulimvua nguo, tukamwosha kwa sabuni na kumwanzishia atropini, dawa ya kupambana na sumu hiyo, kabla ya kumkimbiza hospitali. Nozeli husafishwa kwa maji, sabuni na mswaki mkuukuu uliotengwa kwa kazi hiyo tu. Beba na nozeli ya akiba.

Nikitema mate na kusukutua mara moja?
Hapana. Ukionja uchungu, sumu imekwisha kugusa ulimi.

Lakini wazee wetu wamepuliza hivyo miaka yote.
Wengi wao waliugua, wakaambiwa ni malaria. Jibu ni lilelile: nozeli haiguswi kwa mdomo.

Basi nikinywa maziwa?
Hapana, narudia, hapana. Maziwa hayaondoi sumu. Huwapa tu ndugu sababu ya kusubiri hadi jioni, na kufikia jioni mgonjwa hupumua kwa shida.

Nisubiri dalili zipi ndipo nije?
Usisubiri. Ukihisi kichefuchefu, kizunguzungu, ukungu machoni au misuli kutetemeka, acha kazi, vua nguo zilizolowa dawa, oga kwa sabuni na maji mengi, kisha uje ukisindikizwa. Usijitapishe. Chupa ya dawa yenye lebo ije pamoja na mgonjwa, kwa kuwa mara nyingi anafika hawezi kusema, na aliyemleta anajua tu kwamba ilikuwa dawa ya mikorosho.