Hema halijavuja, hiyo ni pumzi yako

Jana tena mteja karudisha hema kanuna, "kaka hili bovu, limetuvujia usiku kucha pale kambi ya Simba A." Nikamuuliza, mvua ilinyesha? Hapana, ila asubuhi kila kitu chapachapa. Sasa jamani, kama mvua haikunyesha hema limevujisha nini?

Hili nimelieleza mpaka nimechoka. Simba A iko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, mita 2,300 hivi, usiku ni baridi na ukungu. Mmelala wawili, na watu wawili usiku mmoja wanatoa maji karibu nusu lita kwa kupumua na ngozi tu, mvuke ukigusa kitambaa kilichopoa unageuka matone, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji inavyotoka jasho. Na nyie zipu mmefunga mpaka juu, vidirisha mmeziba kwa kanga eti baridi isiingie, hayo maji yapitie wapi?

Maji ya kuvuja yana njia, washa tochi uyafuate utakuta yameanzia kwenye mshono au kona. Ya pumzi yametapakaa dari zima, na begi la kulalia linalowa pale miguuni linapogusa ukuta.

Acha vidirisha vya juu wazi, hata kama kunapuliza. Halafu kaza kamba, kamba jamani! Turubai la nje likilegea linalalia hema la ndani, basi matone yote yanapenya yanawadondokea usoni na hapo ndipo mnaapa limevuja. Baridi inayowatesa sana inatoka ardhini, ongezeni godoro chini. Jiko la mkaa ndani ya hema sijadili, hewa yake ya sumu haina harufu na inaua.

Ila ukungu ukiwa mzito, hata ufungue kila kitu utaamka na matone, hewa ya nje yenyewe imeshashiba maji. Mimi nabeba kitambaa nafuta dari alfajiri kabla mtu hajaligusa. Na mvua ikinyesha huku mmejifungia, hata mimi kuna mahema nimeyakagua nikashindwa kusema ni mshono au ni pumzi.

Ndiyo maana nawaambia lisimamisheni kwanza uani nyumbani, kazeni kamba, limwagieni maji kwa mpira dakika 20 bila mtu ndani. Likilowa ndani niletee, nalishona bure.