Karata ni michezo, au ni mchezo tu?

Kwa Kiswahili, mpira wa miguu ni mchezo, bao ni mchezo, watoto wakijifanya baba na mama uani wanacheza, na hata tamthilia ni mchezo wa kuigiza. Neno limebeba mengi, ndiyo maana ukiuliza kama karata ni michezo, kwa maana ya spoti, mtu anakushangaa: kwani si zinachezwa? Lakini sikiliza tunavyowaita watu. Mkimbiaji ni mwanamichezo. Anayekaa barazani na karata tangu alasiri mpaka magharibi ni mcheza karata, basi. Mjadala wote umo kwenye tofauti hiyo.

Wengi hupima kwa jasho. Kipimo hicho nakiona dhaifu, kwa sababu kulenga shabaha kwa bunduki kulikuwemo kwenye Olimpiki ya Athens mwaka 1896, na mlengaji hodari ni yule anayesimama tuli kuliko wenzake. Kipimo kizito ni bahati. Aliyegawiwa ree na turufu za kutosha anaibamiza karata juu ya jamvi, anakula, na wote waliokaa pale wanajua kilichoshinda ni mgao. Hapo huwezi kusema nani bora.

Wacheza briji walilitafutia dawa jambo hili. Briji huchezwa na watu wanne, wawili wawili, kila mmoja na karata 13. Kwenye mashindano karata hazitupwi katikati ya meza zikachanganyika. Kila mtu anaweka yake mbele yake, na mchezo ukiisha anazirudisha zote 13 kwenye kijaluba chenye mifuko minne, kisha kijaluba kinapelekwa meza nyingine. Wa huko wanakuta mgao uleule. Hesabu inayofanywa ni ya wewe na yule aliyeshika karata zilezile ulizoshika wewe, kwa hiyo aliyepata mbovu akapoteza kidogo anaweza kuwa ndiye aliyecheza vizuri. Kwangu mimi hapo karata zinavuka mpaka, zinakuwa mashindano ya kweli.

Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua Shirikisho la Briji Duniani mwaka 1999, ingawa briji haijawa mchezo wa kugombea medali za Olimpiki. Kwenye Michezo ya Asia ya 2018, Indonesia, ilikuwemo, na Pranab Bardhan wa India, mwenye miaka 60, alishinda dhahabu pamoja na mwenzake Shibnath Sarkar. Kutambuliwa kuna masharti yake pia: wachezaji hupimwa dawa zilizokatazwa kama wakimbiaji, na wapo waliofungiwa.

Sheria haikukubali kirahisi. Chama cha briji cha Uingereza kilidai ada za mashindano yake zisamehewe kodi ya ongezeko la thamani, kama zilivyosamehewa za michezo mingine. Mwaka 2017 wakili mshauri wa Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya aliona briji ni michezo. Miezi michache baadaye majaji wakakataa: kwa ajili ya msamaha huo, michezo lazima iwe na kazi ya mwili isiyo ndogo ya kupuuzwa. Waliamua habari ya kodi tu, na hukumu hiyo isichukuliwe kuwa ndiyo maana ya neno popote.

Kwa hiyo karata kwa ujumla wake siziiti spoti. Namna ya kuzishindania ndiyo naiita. Na namna hiyo haihitaji ukumbi. Watu wanane, majamvi mawili na pakiti moja vinatosha: mkimaliza mgao msichange, kila fungu likae peke yake, lipelekwe jamvi la pili, na timu iliyoshika upande mmoja huku ishike upande wa pili kule.