Gari huvamiwa bila kuguswa

Kwa miaka mingi watu wameamini kwamba mhalifu hawezi kuingilia kompyuta za gari mpaka afungue mlango na kuchomeka kifaa. Sivyo. Mwaka 2015, katika jaribio huko Marekani, watafiti wa usalama wa kompyuta Charlie Miller na Chris Valasek waliipunguza mwendo Jeep Cherokee iliyokuwa barabara kuu, wao wakiwa nyumbani, kwa kupitia intaneti ya redio yake. Magari milioni 1.4 yaliitwa yarekebishwe.

Chanzo cha udhaifu huu ni cha zamani. CAN, njia ya mawasiliano kati ya kompyuta za gari ambayo kampuni ya Bosch iliitambulisha mwaka 1986, hupeleka ujumbe bila kuthibitisha aliyeutuma. Kompyuta ya breki haiwezi kujua kama amri ni halali au ni ya mvamizi. Ndiyo maana watafiti huifundisha programu mwenendo wa kawaida: ujumbe uliozoeleka kuja kila baada ya milisekunde 10 ukianza kumiminika mfululizo, kuna jambo.

Njia moja ya kuifundisha programu hiyo ni ujifunzaji shirikishi: kila gari hujifunza kwa data yake na kutuma marekebisho ya modeli, yaani ya programu inayofundishwa, tu, si kumbukumbu za safari. Blokucheni huyatunza marekebisho hayo katika daftari la pamoja ambalo ni vigumu kulichezea kimyakimya. Hapa pia pana imani potofu, na naiona ya hatari zaidi: blokucheni yenyewe haimkamati mvamizi. Gari lililokwisha kuvamiwa likituma marekebisho yenye sumu, yaani yaliyopotoshwa makusudi, daftari litayahifadhi kwa uaminifu uleule, kwa hiyo lazima yapimwe kabla ya kuunganishwa na ya magari mengine.