Ardhi kuchukuliwa na serikali siyo tiketi ya ajira

Ile meseji imerudi tena kwenye magrupu, ile inayosema eti kama ardhi ya familia yenu ilitwaliwa na serikali basi mtoto mmoja ana haki ya ajira serikalini, mkaandike tu barua ya madai. Jamani hapana.

Kwa hapa Tanzania sheria inaongelea fidia. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataja thamani ya soko ya ardhi, posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi au faida uliyopoteza, na wakichelewa kulipa kuna riba. Kanuni za 2001 zinaruhusu hata upewe kiwanja kingine, nyumba, miche au nafaka. Nafaka ipo, ajira haipo.

Nadhani mkanganyiko unatokana na vile mradi ukija watu wa eneo wanachukuliwa vibarua, au kwenye kikao mtu anaahidi vijana watafikiriwa kwanza, ndo watu wanaona ni haki ya kudumu. Kibarua cha mradi kinaisha na mradi, ila kazi ya serikali inatangazwa, unaomba na unafanya usaili kama wengine.

We chukua fomu yako ya uthamini usome kilichoandikwa pale, halafu muulize afisa ardhi wa halmashauri, na kama fidia yenyewe ndo haijalipwa dai hiyo pamoja na riba yake. Hiyo meseji usiiforwadi, kuna wazee wanaomba nauli kuifuatilia.