Logos: neno moja la Kigiriki, Kiingereza kikatumia mengi

Fungua Mathayo 12:36. Kila neno lisilo maana watakalolinena wanadamu, watatoa hesabu ya neno hilo siku ya hukumu. Aliyewahi kuambiwa kanisani kwamba "neno" kwa Kigiriki ni logos atadhani ameliona. Kweli limo, ila si pale anapodhani. "Neno" la mstari huo ni rhema, neno jingine la Kigiriki. Logos ni ile "hesabu". Shuka mstari mmoja tu, "kwa maneno yako utahesabiwa haki", na sasa logos ndiyo hayo "maneno".

Waliotafsiri Biblia ya Kiingereza ya King James ya mwaka 1611 walikutana na kazi hiyo hiyo. Yohana 1:1 wakaandika word. Luka 16:2, wakili anapotakiwa kutoa hesabu ya uwakili wake, wakaandika account. Habari za Yesu zinapoenea katika Luka 5:15, fame. Matendo 1:1, penye "kitabu kile cha kwanza" chetu, treatise. Na Demetrio na mafundi wenzake wakiwa na shauri juu ya mtu, Matendo 19:38, wakaandika matter. Hapo Kiswahili kina raha yake: mtu akikuambia "nina neno nawe", hujui kama ni neno moja au mia, unajua tu kuna jambo.

Mambo haya yote yametokea wapi? Logos imetokana na kitenzi legein, ambacho zamani kilikuwa kukusanya, kuokota kimoja kimoja. Anayeokota huhesabu, na anayesimulia naye hupanga mambo moja baada ya jingine, kwa hiyo kitenzi kikafika kwenye kusema. Ndiyo maana Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki, katika kitabu cha 5 cha hisabati yake, aliita logos uhusiano wa ukubwa wa vitu viwili, yaani uwiano, na Waingereza wakasema ratio. Mwanafalsafa Aristotle alipoeleza jinsi msemaji anavyoshawishi watu, logos ikawa hoja yenyewe, mbali na tabia ya msemaji na hisia za wasikilizaji. Mkia wa neno hilo unao hata wewe: biolojia, jiolojia.

Kosa ninalolisikia mara nyingi ni kuzibeba maana zote na kuzimwaga kwenye mstari mmoja: eti Yohana alimaanisha neno, na hesabu, na hoja, na uwiano, kwa pamoja. Nani akisoma "kichwa cha habari" hufikiria nywele, au injini ya treni? Maana huchaguliwa na sentensi.

Kuchagua nako kuna gharama. Kilatini kilikuwa kimezoea verbum, yaani neno, katika Yohana 1:1. Mwaka 1519 mwanachuoni Erasmus, katika tafsiri yake ya Kilatini, akaliondoa, akaweka sermo, lenye sauti ya mazungumzo kuliko neno moja lililosimama peke yake. Alishambuliwa hadi akalazimika kuandika utetezi mzima kwa ajili ya neno hilo moja.